Tupeane uzoefu: Windows imegoma kuwaka, ulijinasuaje bila kupoteza mafaili?

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za usiku. Laptopu yangu ya Windows 10 tangu jana inafika "Automatic Repair", vidoti vinazunguka weee, skrini inakuwa nyeusi, inajizima, inaanza upya. Umeme ulikatika ikiwa katikati ya kusasisha, na betri yake ilishakufa, inaishi kwa waya. Fundi hata hajaiweka mezani: "Tupige Windows upya, elfu ishirini." Mafaili je? "Ya C yanaondoka." Sasa mimi kila kitu kipo desktop, ambayo ni hukohuko C, tasnifu ikiwemo. Yaliyowahi kuwakuta, leteni.

Mwenye steshenari
Pole sana mkuu, usikubali kirahisi. Yangu iligoma asubuhi, watu wamepanga foleni ya kuprinti. Nikaazima kompyuta ya jirani, nikatengeneza flashi ya Windows (GB 8 inatosha), nikawashia hiyo na kuingia Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandikia amri). Hapo nilipoteza saa nzima kijinga: ukiwashia flashi, herufi za diski huweza kuhama. C niliyoizoea ilikuwa D, na mimi nakomaa kukarabati kipande kitupu! Andika dir C: kisha dir D: mpaka uone folda za Windows na Users. Amri ya kukarabati uwashaji, bootrec /fixboot, ikanijibu "Access is denied". Kilichoniokoa ni mstari mmoja unaoandika upya mafaili ya kuwashia: bcdboot D:\Windows. Nikachomoa flashi, ikawaka.

Mdau wa Nakuru
Kabla hujagusa hiyo bcdboot, toa tasnifu kwanza. Mimi sikuwa na kifaa chochote ila flashi ya pili. Kwenye hiyohiyo Command Prompt andika notepad. Inafunguka. Bonyeza File, Open, pale chini chagua All Files. Hicho kidirisha kidogo kinakuonyesha diski zote. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, Copy, nenda kwenye flashi, Paste. Haikuonyeshi imefika asilimia ngapi, inaganda tu kama imekufa. Iache. Picha za harusi ya dada yangu zilitoka zote kwa njia hiyo. Ila ikikudai namba 48 za BitLocker (kufuli la diski la Windows), ingia kwa simu kwenye akaunti yako ya Microsoft uone kama zimehifadhiwa huko.

Fundi mstaafu
Mnatusema sana mafundi. Mteja anataka mashine yake ndani ya saa moja. Kuitibu kunaweza kula siku nzima, na bado atalipa elfu ishirini ileile. Halafu wengine diski yenyewe ndiyo inakufa. Ukisikia inagonga tik tik, achana na amri ya kukagua diski, chkdsk /r, maana inasoma diski nzima na inaweza kuimalizia. Kopi kwanza.

Wa desktop za mtumba
Yangu haikuwa hata Windows. Kila umeme ukikatika inakuja skrini ya bluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Nimepiga Windows mara mbili! Siku moja nikaona saa ya mashine imerudi nyuma miaka kadhaa. Kumbe kale kabetri ka duara ndani ya mashine, CR2032, kameisha, kwa hiyo BIOS (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) inasahau kila kitu, na namna ya kusoma diski inatoka AHCI inaenda IDE. Betri nilinunua kwa muuza saa, buku mbili.

Mwanzisha uzi
Notepad imefanya kazi, tasnifu iko kwenye flashi, nimeifungua kwa simu kuhakikisha. Mdau wa Nakuru, ukija Dar soda yako ipo. Ila bcdboot inasema "Failure when attempting to copy boot files".

Mwenye steshenari
Haioni sehemu ya kuwashia. Ingia diskpart (amri ya kupanga vipande vya diski), andika list vol, tafuta kile kipande kidogo cha FAT32 (aina ya mpangilio wa diski), mara nyingi ni MB 100 hivi. Angalia usije ukaichagua flashi, nayo ni FAT32. Andika select vol na namba yake, assign letter=S, exit. Kisha bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI.

Mwanzisha uzi
IMEWAKA! Sasa inasema inaendelea kusasisha, asilimia 30, nisizime. Nimevuta waya mpaka kwa jirani mwenye jenereta.