Kikundi cha familia: Taa zimegoma

Mama: Taa za sebuleni zimegoma tangu asubuhi. Nabonyeza kwenye simu, inazungukaaa, halafu kimya.

Idi: Si za sebuleni tu. Sensa ya mlango imekufa, ya bafuni nayo hivyo hivyo. Ile programu ya nyumba inayoendesha taa na sensa ilijisasisha usiku.

Baba: Nilisema mimi. Kitu kinafanya kazi, mnakisasisha cha nini?

Salma: Shikamooni. Kabla ya lawama, vitu gani bado vinaitika?

Baba: Marahaba. Swichi ya ukutani inaitika. Ile haijawahi kusasishwa.

Shangazi Zuhura: 😂😂😂

Idi: Kamera ipo, spika ipo, plagi ya friji ipo.

Salma: Hivyo vyote ni vya waifai. Vilivyokufa ni vya Zigbee, mtandao mwingine wa redio wa vifaa vya nyumbani, vinapitia kwenye kile kidude cha USB. Basi programu yenyewe ni nzima.

Mama: Mimi nishaanza kuzifuta taa niziunganishe upya. Nimefuta moja.

Salma: Mama, nakuomba ishia hapo hapo 🙏🏾 Taa hazijausahau mtandao wao, ila programu haizifikii. Ukizifuta zote, mtashinda kutwa mnaziunganisha na kuzipa majina. Idi, fungua logi, yaani kumbukumbu za programu, tafuta mistari yenye neno Zigbee. Usinifupishie.

Idi: Inafungua /dev/ttyUSB0, inasubiri jibu mpaka muda unaisha. Inarudia hayo hayo ukurasa mzima.

Salma: Inafungua lakini haijibiwi. Kidude kingekuwa kimechomoka, kwa kawaida ingelalamika kwamba haikioni kabisa. Mita ya umeme je, inasoma?

Idi: Eh! Imeandika "haipatikani". Nilidhani hilo ni tatizo jingine.

Salma: Ndilo hilo hilo. Kikompyuta kinachoendesha hiyo programu kina vitu viwili vya USB, kidude cha Zigbee na waya wa kusomea mita. Linux, mfumo wa hicho kikompyuta, huvipa namba kadiri inavyovikuta inapowaka: cha kwanza ttyUSB0, cha pili ttyUSB1. Usiku baada ya sasisho mashine ikajizima na kuwaka, na safari hii waya wa mita ukatangulia. Sasa programu inaiongelesha mita Kizigbee, mita inaikodolea macho tu.

Mama: Kumbe wamekaliana viti!

Baba: Mimi narudisha bakapu ya jana, yaishe.

Salma: Baba, ngoja kidogo. Bakapu itarudisha mpangilio ule ule unaotaja ttyUSB0. Mashine itawaka upya, pengine kwa bahati namba zikakaa sawa, nanyi mtaapa kwamba kosa lilikuwa la sasisho. Mpaka siku umeme ukatike.

Baba: Haya, fanyeni.

Salma: Idi, kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia amri, andika hivi: ls -l /dev/serial/by-id/

Idi: Yametoka majina mawili, marefu kama treni. La Zigbee lina mshale unaoelekea ttyUSB1.

Salma: Umeona sasa? Jina hilo refu linatoka kwenye kidude chenyewe, halijali tundu gani wala nani katangulia. Linakili lote, tanguliza /dev/serial/by-id/, uliweke kwenye mpangilio wa Zigbee palipoandikwa /dev/ttyUSB0, uhifadhi, kisha uiwashe upya programu. Usiliandike kwa mkono, herufi moja ikiruka umekwama. Mita nayo ipe jina lake refu.

Idi: Subirini…

Idi: Mlango umerudi! Mita inasoma. Bafuni bado.

Mama: Sebuleni zimewaka mbili. Ya tatu kimya.

Salma: Ya tatu ni ile uliyoifuta, mama. Iunganishe hiyo peke yake. Na nani kazima taa ya korido ukutani?

Baba: Mimi. Ilikuwa inawaka bure.

Salma: Iwashe baba, uizimie kwenye simu. Taa za Zigbee hupokezana ujumbe, na sensa ya bafuni inapitia hapo. Ukikata umeme wake, njia imekatika.

Idi: Bafuni imerudi ✅

Baba: Na hayo masasisho ya usiku yazimwe. Yasubiri mtu aliye macho.

Salma: Hapo nakuunga mkono. Na huyo mtu asome kwanza yale maelezo ya mabadiliko, hasa sehemu ya vitu vinavyoacha kufanya kazi.

Shangazi Zuhura: Na mimi kwangu niifungue hiyo terminal?

Salma: Shangazi, wewe una kidude kimoja tu. Usiguse kitu 😅