Mrejesho: mdogo wangu aliyekanyagwa na foklifti (mashine ya kunyanyulia mizigo) ghalani Namanve, Uganda

Jamani asanteni sana wote mlionijibu nilipouliza tufanyeje, pale bosi wake aliposema dogo alijitakia, eti kapita nyuma ya mashine. Kuongea na bosi kirafiki kwanza kulitupotezea wiki mbili bure. Kilichosaidia ni kwenda kwa afisa kazi wa wilaya, tukapeleka taarifa kwa maandishi kabla mwezi mmoja haujaisha tangu ajali, sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 ndiyo inavyotaka, daktari naye akaandika asilimia ya ulemavu. Bosi kuona barua akalipa bili ya hospitali. Fidia yenyewe bado tunasukumana. Dogo amekatwa vidole viwili, ndala yake iliyochanika bado iko mlangoni, mama hataki itupwe. Ghalani wamechora njia ya waenda kwa miguu, kioo cha kona bado hawajaweka.