Naomba ushauri: somo la TB ya hewani, nianze na panya au simbilisi?

Wataalamu, salaam kutoka Malindi. Naandaa somo la siku moja kwa wahudumu wa maabara kuhusu wanyama wanaoambukizwa TB kwa hewa. Hakuna mnyama atakayeguswa.

Panya wa maabara ni rahisi kufuga, na bakteria 50 hadi 100 wakifika mapafuni wanatosha. Ila vinundu vya TB mapafuni mwa panya wengi, mfano aina ya BALB/c, havioozi katikati kama vya binadamu. Vya simbilisi huoza. Tena ni simbilisi waliowekwa juu ya wodi ya TB kule Baltimore, Marekani, miaka ya 1950: waliovuta hewa ya wagonjwa waliambukizwa, waliovuta hewa iliyopigwa mwanga wa urujuanimno walisalimika. Ushahidi mzito huo!

Kinachonisumbua ni kueleza kipimo, yaani idadi ya bakteria wanaoingia mapafuni. Bakteria hawa wana nta, hushikana madonge. Tone likizidi mikroni 5 hukwama puani na kooni, halifiki kwenye vifuko vya hewa. Ndiyo maana huongezwa Tween 80 (aina ya sabuni), asilimia 0.05. Hata hivyo idadi iliyo kwenye chombo cha kupulizia siyo iliyoingia mapafuni. Kwa hiyo kesho yake wanyama wachache huuawa, mapafu yakasagwa na kuoteshwa nyuzi 37, wiki 3 hadi 4, ndipo makundi ya bakteria yaliyoota yahesabiwe.

Nataka kuonyesha hili kwa nebulaiza (kifaa cha kupulizia matone madogo) na maji ya chumvi tu. Kwa unyevu wetu wa pwani matone hukawia kukauka. Je, nifanyie chumba chenye kiyoyozi? Na mngeanza na mnyama yupi?