Mkurugenzi kazindua mfumo, kisha kaniachia peke yangu

Wakuu, habari. Naratibu mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali ya binafsi. Mkurugenzi alikata utepe, akahutubia, na tangu hapo hajakanyaga wodini. Madaktari bingwa bado wanajaza mafaili ya karatasi. Nikiwakumbusha, wananiuliza mimi ni nani. Nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, usibishane na bingwa. Hiyo kazi ni ya mwenye mamlaka. Mwombe mkurugenzi jambo moja: kikao cha Jumatatu asome takwimu kutoka kwenye mfumo, na ripoti ya karatasi airudishe. Nimesimamia maabara, bosi akiipokea karatasi hata mara moja, wote wanajua mfumo ni hiari.

Jibu: Naunga mkono. Huku Kenya, 2023, Rais Ruto mwenyewe alisukuma malipo ya huduma za serikali yahamie eCitizen, jukwaa la serikali la mtandaoni, kwa nambari moja ya malipo, 222222. Malalamiko yalikuwepo, mengine ya haki kabisa, lakini nani angesema agizo ni la kijana wa kompyuta?

Muulizaji: Asante dada. Ila mkurugenzi ana safari nyingi mno.

Jibu: Basi akukabidhi kwa daktari mkuu, kwa barua, nakala kwa kila idara. Mabingwa wanamsikiliza yeye.