Karatasi yangu ya hesabu kaifungia kashata! Huyu fundi ananiona mie nani?

MwanaWaKikwajuni

Assalamu alaykum wanabarza. Naandika mikono inatetemeka, buibui sijalivua. Nimetoka pale sasa hivi, alasiri hii hii, kwa yule yule fundi wa kompyuta. Msiniulize nani. Nyote mnamjua, mwenye feni ya meza isiyo kifuniko na stuli moja tu ya wateja, ambayo rafiki yake kaikalia tangu Mapinduzi hajainuka.

Kaifungia kashata karatasi yangu. Nasema tena mnifahamu: karatasi niliyokesha nayo, kaichana mbele ya wanaume sita, kafungia kashata.

Wengi mnajua kazi yangu ni kukata video za harusi. Laptopu yangu nikiitia saa tatu za kamera inahema kama punda wa gari la mchanga. Naiacha baada ya Isha, Alfajiri naikuta haijafika hata bibi harusi kutolewa nje. Nikasema basi, naunda mashine yangu mwenyewe. Prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya picha RTX 3060, ramu mbili za GB 16, SSD, diski kubwa ya kuwekea harusi za watu, feni tatu. Vitu vimekuja na boti kimoja kimoja, kila mwezi nikilipwa nanunua kimoja. Kikabaki kimoja tu, pawasaplai, kile kiboksi cha kuigaia mashine umeme.

Sikwenda kichwa kitupu. Nilikaa na kalamu. Prosesa imeandikwa wati 65, lakini ikikazwa inapita hapo, nikaipa 90. Kadi ya picha ni 170, wamesema NVIDIA wenyewe, wenye kadi yao. Mazabodi, ramu, SSD, diski na feni nikazipa 70 zote pamoja, na hapo nimekuwa mkarimu. Jumla 330. Lakini huendi kununua ya 330, maana kadi hizi zina tabia ya kuruka: kwa chembe ya sekunde inavuta kupita kiwango chake kisha inarudi, na pawasaplai iliyobanwa inajizima hapo hapo, na video yako nusu. Lazima uache nafasi. Kwa 3060 NVIDIA wanasema 550. Nikaandika 550, nikaipigia mistari miwili chini kwa kalamu nyekundu. Mistari ile sasa ina sukari ya kashata!

Nimefika, shikamoo nimetoa. Nikamwambia, fundi, nataka ya wati 550 za kweli, yenye alama ya 80 Plus, ya kwamba haipotezi umeme ovyo, na kamba yake yenyewe ya pini nane ya kadi. Kaitazama karatasi kama kapewa samaki wa juzi. "Mwanangu, hizi hesabu za skuli. Mashine ya gemu inataka elfu." Nikamwambia si ya gemu, ya harusi. Wakacheka wote sita. Mmoja wao kaja kutengenezewa redio, kompyuta hata kuiwasha hajui, na yeye anacheka.

Kanishushia boksi lina picha ya joka linatema moto, na 1000W imeandikwa kubwa unaisoma ukiwa kisiwani Prison. Nikalinyanyua, jepesi kama pakti ya biskuti. Nikaligeuza nikasoma kibandiko cha ubavuni: +12V, 20A. Volti 12, ampea 20, na volti mara ampea ndizo wati. Haya, 12 mara 20 ni ngapi? 240! Mtoto wa darasa la nne anakujibu. Na prosesa na kadi zote mbili zinakula kwenye hiyo volti 12. Zangu mbili peke yake ni 260. Hizo wati 760 nyingine ziko wapi, zimekwenda Chumbe kuogelea? Na kamba ya pini nane haimo. Anasema atanitilia kiungio kutoka kamba za diski.

Nikamwonesha kwa kidole. Soma hapa, fundi. Ishirini. Soma.

Ndipo kijana wa kahawa akapita akigonga vikombe. Fundi kanunua kashata. Katafuta karatasi. Juu ya meza pana gazeti, pana risiti, maboksi yamepanda mpaka darini. Mkono ukaja kwenye yangu. Kaichana krrr, kafungia kashata, kampa yule wa stuli, kasema: "Haya, kula wati mia tano na hamsini."

Kula wati mia tano na hamsini! Nami nimesimama pale pale!

Nimetoka bila ya kuaga. Nimefika Darajani sijui nimefikaje, dala dala mbili zimenipigia honi. Nataka mniambie kama hesabu ile ina kosa. Kama ina kosa nioneshwe. Kama haina, pale msinunue, na aliyekwisha nunua lile boksi la joka aligeuze leo usiku asome ubavuni kabla hajawasha.

Pweza_Mkavu

Kwanza pole. Pili, kashata ya njugu au ya nazi?

MwanaWaKikwajuni

Ya njugu. Na silo nililouliza.

Yakhe_wa_Wete

Yakhe, huyo namjua! Huyo huyo! Nyuma ya pawasaplai nyengine kuna kiswichi chekundu, 115 na 230. Umeme wetu 230. Yeye kaniachia kwenye 115. Nimepanda meli Malindi nimeipakata kama mtoto mchanga, nimeshuka Mkoani, gari mpaka Wete, nimechomeka tu: paa! Moshi mpaka uani, mke wangu anakuja mbio na ndoo. Nampigia simu, ananambia, "Umeme wenu wa Pemba una nguvu sana."

KakaMkubwa_Jang'ombe

Dada umezidi hasira. Mtu kakupa elfu kwa bei ya mia tano, unakataa. Hata kama hazitimii si zitabaki mia saba?

MwanaWaKikwajuni

Hazibaki mia saba! Zimebaki 240! Imeandikwa na walioitengeneza wenyewe, ubavuni, nimewaonesha kwa kidole, jibu nililopata ni kashata!

Shemeji_wa_Wote

Mie nilijua ubaya wa elfu ni kumaliza Tukuza, umeme wa kununua kabla. Ukitia ya wati elfu si inavuta elfu muda wote?

Maalim_Volti

Hapana shemeji. Pawasaplai haili ambacho mashine haikuomba. Mashine ikitaka 300, ya 550 itatoa 300 na ya 1000 itatoa 300. Tofauti iko kwenye kinachopotea kwa joto. Yenye 80 Plus Gold ikibeba nusu ya mzigo wake haipotezi zaidi ya sehemu moja katika kumi, kwa hivyo kwa 300 ya ndani, ukutani haivuti zaidi ya 333 hivi. Zile za joka hazina alama yoyote, na hasara yake utaijua kwa kugusa kava.

Bibie, hesabu yako nimeipitia mara mbili, iko sawa. 550 nzuri inakutosha, na ukipata 650 ya bei ya karibu chukua, siku ukibadilisha kadi hutarudi dukani. Pini nane zinabeba wati 150, na kadi inapata 75 nyengine kwenye mazabodi inapochomekwa. Hizo 225, na yako inataka 170. Kile kiungio cha kamba za diski usikiguse. Zile waya hazikuwekewa mzigo wa kadi, plastiki inayeyuka.

Ukitafuta, tafuta pia zilizoandikwa ATX 3.0. Huo ni utaratibu wa Intel wa 2022, pawasaplai inatakiwa istahamili ile miruko uliyoisema.

MwanaWaKikwajuni

Ahsante sana maalim, Mungu akuzidishie. Mmeona? Iko sawa! Hesabu iko sawa, na mtu kaifungia kashata!

Pweza_Mkavu

Lau angefungia halua ya Wete, karatasi ingepata daraja.

Yakhe_wa_Wete

Halua ya Wete usiitaje bure, yakhe.

MwanaWaKikwajuni

Nyie mnacheka. Yeye alicheka hivyo hivyo.

Binti_Mpendae

Shoga mie niko na wewe. Huyo huyo kaniuzia UPS, lile betri la kushika kompyuta umeme ukikatika, imeandikwa 650, kanambia wati 650, itashika kompyuta na televisheni na feni. Kumbe ni VA, voltiampea! VA siyo wati, zile hazifiki hata 400 za kweli. Umeme ukakatika nakata video ya mtu, UPS ikalia piii mara moja ikafa, na video ikafa nayo. Mwenye harusi mpaka leo akiniona sokoni anageuza njia. Nimerudi dukani ananambia feni ndiyo iliyoidhuru. Feni! Feni ya miguu!

KakaMkubwa_Jang'ombe

Feni nazo zinadhuru. Yangu imeunguza swichi ya chumbani.

Binti_Mpendae

Wewe ni yule wa stuli, nishakutambua.

Pweza_Mkavu

😂😂😂 Kweli, kaka mkubwa, nyosha vidole tuone sukari.

KakaMkubwa_Jang'ombe

Mie sijaonja kashata mwaka mzima, daktari kanikataza.

BiMkubwa_Ngambo

Wanangu, nyinyi mnagombania 550 na 1000. Mie nakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima wati sifuri. Miezi mitatu! Na mwaka 2008 tulikuwa tushalala kiza kama mwezi hivi. Maji ya ndoo, pasi ya mkaa, jenereta za wenye nazo zinanguruma usiku kucha huwezi kusikia adhana. Freza langu la samaki lilikuwa limejaa. Harufu ile paka wa mtaa walihama.

Yakhe_wa_Wete

Bi mkubwa, na sisi Pemba mpaka ulipokuja waya wa umeme wa Tanga 2010 tukitegemea majenereta. Unguja mna waya wa bara tangu 1980. Mbona hapana aliyetufungulia uzi?

Shemeji_wa_Wote

Haya, ishaanza Unguja na Pemba.

MwanaWaKikwajuni

Jamani, naomba turudi kwenye mada. Nani anajua duka jengine, mjini au Kwerekwe, naweza kupata 550 ya kweli? Nina harusi mbili wiki ijayo na mashine imelala mezani kila kitu kimefungwa, inangoja hicho kimoja.

Maalim_Volti

Nitakuulizia bibie. Popote utakapokwenda geuza boksi kwanza. Soma ampea za 12V, zidisha kwa 12. Ya 550 ya kweli itakupa 500 na zaidi hapo. Na chukua stabilaiza kabla ya kuwasha. Umeme ukirudi baada ya kukatika unarudi na kishindo.

Binti_Mpendae

Kishindo hicho ndicho kilichoua friji la mama. Compressor basi. Fundi wa friji kachukua hela ya gesi mara mbili, friji linapoza kabati la jirani.

BiMkubwa_Ngambo

Mafundi wa friji ndio wabaya kuliko wote. Wangu alikwenda na kipuri changu "kupima" tangu Ramadhani.

Shemeji_wa_Wote

Wa friji afadhali. Fundi wa mabomba kanitobolea ukuta wa choo unaonekana barazani.

MwanaWaKikwajuni

Uzi wangu ni wa pawasaplai jamani.

Yakhe_wa_Wete

Bi mkubwa, mie nina freza la milango miwili hapa Wete, zima kabisa, na stabilaiza yake. Nauza.

BiMkubwa_Ngambo

Zima kweli, au zima la huyo fundi? Bei gani?

Yakhe_wa_Wete

Zima wallahi, sasa hivi limo barafu. Bei tutaelewana, ila meli juu yako.