Mrejesho: Kompyuta kutambua sifa na lawama katika maandishi

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza jinsi kompyuta inavyoweza kutenganisha sifa na lawama katika ujumbe ambao wateja wetu wa dagaa, hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hututumia kwa simu.

Ushauri wa kuhesabu maneno mazuri na mabaya kutoka kwenye orodha ulifika ukomo mapema, kwa sababu Kiswahili mara nyingi hubeba ukanushi ndani ya kitenzi chenyewe. Mteja akiandika "dagaa hawana mchanga" anasifu, ilhali programu iliona "mchanga" ikaandika lawama. Na kuongeza "si" kwenye orodha hakukusaidia, kwani kinachokanusha hapo ni kiambishi "ha-", si neno linalojitegemea.

Nikahamia ushauri wa pili, yaani kuipa kompyuta mifano iliyokwisha kupangwa na watu ili ijifunze yenyewe uzito wa kila neno na kila kipande cha neno. Mwaka 2002 watafiti Bo Pang, Lillian Lee na Shivakumar Vaithyanathan waliijaribu njia ya namna hiyo kwa maoni ya Kiingereza kuhusu filamu, ikazishinda orodha zilizoteuliwa na watu. Kwa Kiswahili upo mkusanyo wa mifano iliyokwisha kupangwa uitwao AfriSenti, wa 2023, wenye maandishi ya Twitter, ambayo kwa maoni yangu yako mbali na lugha ya sokoni. Hivyo mifano tuliipanga wenyewe, na matokeo yanaridhisha.

Kejeli bado inaishinda kompyuta. "Hongereni, mzigo wa Krismasi umefika Pasaka" huhesabiwa kuwa sifa, kwa hiyo hata sifa nazipitia kwa macho kabla ya kujibu.