Mjadala: Kijiji kizima kuwekewa mwiko wa sigara, ni elimu au ni ubabe? (Fiji, Samoa, Kiribati)

Kibatari (mleta mada)
Wadau, habari za humu. Nimekuwa nafuatilia visiwa vya Pasifiki wanavyohangaika na sigara. Kiribati na Nauru zimewahi kufika mahali karibu nusu ya watu wazima wanavuta. Mwaka 2013 mawaziri wa afya wa ukanda ule walikutana Apia, Samoa, wakajiwekea lengo: ikifika 2025, wavutaji wasifike asilimia 5 ya watu wazima. Mwaka umeshapita, na Kiribati hata haijasogelea.

Lakini kuna kijiji kimoja Fiji, Nabila, hakikusubiri waziri. Walikaa kikao, wakanywa yaqona (ile kava, kinywaji cha mizizi), wakaiwekea tumbaku mwiko wa jadi kijiji kizima. Watafiti waliochapisha habari zao mwaka 1996 walikuta karibu wote wameacha, na miezi ilipita bila watu kurudia. Hakuna vidonge, hakuna bango la mapafu meusi.

Swali: ile ni kampeni ya kuelimisha jamii, au ni ubabe wa wazee uliovishwa koti jeupe la daktari? Mtu mzima anayetaka kuvuta kibarazani kwake ana haki gani?

Moshi_Mwembamba
Ubabe mtupu. Navuta tangu kidato cha tatu na sijawahi kumwomba mtu hela ya kiberiti. Wazee wakae wanywe pombe yao ya mizizi mpaka usiku, halafu waniambie mimi nisivute? Waanze na bakuli lao.

Tausi wa Suva
Moshi, tuheshimiane. Kava si pombe. Ni mzizi unaotwangwa, unachanganywa na maji kwenye bakuli la mbao, haujachachushwa hata kidogo. Ukinywa ulimi unakufa ganzi na mwili unalegea, basi. Mume wangu ni wa huku Fiji, nimekaa Suva muda wa kutosha kujua. Mgeni wa heshima hupewa kifuu chake na watu humpigia makofi. Hicho ndicho unakiita pombe?

Moshi_Mwembamba
Ulimi kufa ganzi na mwili kulegea. Dada, umeieleza pombe vizuri kuliko mimi.

Tausi wa Suva
Wa pombe hutafuta ugomvi, wa kava hutafuta mkeka. Ukishindwa kuona tofauti hiyo mimi sina la kukusaidia.

Ila nikuongezee hoja ambayo hukuiona kwa haraka ya kutukana watu. Bakuli likikaa katikati saa nne, tano, hapo ndipo sigara zinapopita mkono kwa mkono. Mume wangu mchana havuti kabisa; akikaa kwenye kava anamaliza pakiti. Anayetaka kuwaachisha Wafiji sigara akilikwepa bakuli anapoteza muda. Nabila hawakulikwepa, ahadi waliifungia hapohapo mbele yake.

Mzee wa Kijiwe
Na wacha wavute tu. Wanasokota tumbaku yao ya shamba, ile suki, na bado wamebeba dhahabu ya raga Olimpiki mara mbili, Rio na Tokyo. Wakenya hawavuti, alfajiri wako barabarani wanakimbia, na kwenye raga mikono mitupu.

Shujaa_Damu
Mikono mitupu?? Mzee wacha hizo. Kombe tunalo. Fiji hao hao tuliwanyorosha fainali kule Dubai, watu wakalia uwanjani. Kama hujui mchezo, rudi kwenye bao.

Baharia_Tanga
Haikuwa Dubai. Singapore, Aprili 2016, Kenya 30, Fiji 7.

Shujaa_Damu
Dubai, Singapore, kombe ni kombe. 30 kwa 7, someni hiyo namba tena polepole. Injera na wenzake wa timu ya Kenya hawakuwa na kifua cha moshi.

Mzee wa Kijiwe
Aprili. Na Agosti mwaka huohuo, Rio, medali ya dhahabu ilivaliwa na nani? Waingereza walikula 43 kwa 7.

Shujaa_Damu
Na Paris 2024 walilala kwa Wafaransa. Pengine ni hiyo suki.

Kibatari (mleta mada)
Jamani. Nimeuliza habari ya sigara.

Shujaa_Damu
Mwambie huyo mzee, ndiye alianza.

Nesi Mstaafu
Nilikuwa nasoma kimya ila sasa naingia. Mnabishana kama kijiji kina haki ya kukataza, wakati kampeni nyingi za sigara, huko visiwani na kwingine, hazikatazi chochote. Inafika Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, fulana mpya, turubai, wanafunzi na mabango, mgeni rasmi anasoma hotuba, soda, watu wanatawanyika. Nimeandaa hizo shughuli kwa miaka mingi, nazijua. Fulana inavaliwa shambani mpaka inachakaa, na aliyeivaa ana sigara mdomoni.

Nabila ni kitu kingine. Pale anayeniuliza nimevuta ni shemeji yangu, ni jirani, ni kiongozi wa kwaya. Siwezi kumkimbia. Moshi anaita ubabe, mimi naita kuwa na watu. Na wewe Moshi, kabla ya haki yako ya kibarazani, nijibu: sigara zako nani anatumwa dukani?

Moshi_Mwembamba
Mama, hayo ya nyumbani kwangu yanahusu nini na Fiji?

Wakili wa Kona
Hebu tuhamie Samoa, maana huko ndiko suala la haki linapouma. Kule baraza la kijiji, yaani fono, la wakuu wa koo wanaoitwa matai, linatambuliwa kisheria tangu sheria ya mwaka 1990. Lina uwezo wa kutoza faini. Ndio maana jioni vijiji vingi husimama kwa sala na vijana hulinda barabara usipite ovyo. Baraza lenye nguvu hiyo likiamua uwanja wa mikutano usivutwe sigara, halihitaji askari.

Tatizo langu ni nani anayeadhibiwa. Faini ya kijiji inaanguka kwa familia, hailipwi na mkosaji peke yake. Kijana akivuta, baba yake anatoa nguruwe, au makatoni ya samaki wa kopo. Hiyo ni adhabu ya watu ambao hawajavuta.

Binti Micheweni
Faini ya nguruwe! Huku kwetu baraza likitoza nguruwe, anayetoza ndiye atakayehama mtaa.

Mzee wa Kijiwe
Na samaki wa kopo ndio dawa? Visiwa vile robo tatu ya vifo ni haya maradhi yasiyoambukiza, kisukari, moyo, shinikizo. Unamponya mtu mapafu unammaliza kwa chumvi na mafuta ya kopo.

Wakili wa Kona
Mzee, faini hailiwi na mkosaji. Inaliwa na baraza.

Mzee wa Kijiwe
Basi wazee ndio wataugua. Haki imetendeka.

Baharia_Tanga
Mnaongea Fiji na Samoa kwa sababu ndizo mnazozisikia kwenye raga. Mimi nimefanya kazi meli za Wajerumani na Wakiribati. Mabaharia hodari, wanafunzwa chuo cha Betio, kisiwa cha Tarawa, yaliko makao makuu yao. Ngoja niwaeleze ugumu wa kwao, ambao hauondoki kwa bango.

Kwanza, hawategemei pakiti. Wananunua tumbaku ya kusokotwa, wanaifunga kwenye jani kavu la mkadi. Ukiwa zamu naye usiku harufu yake huisahau. Onyo lenye picha lililochapwa kwenye pakiti halimfikii mtu asiyenunua pakiti.

Pili, na hili ndilo zito. Kila kijiji kina nyumba ya mikutano, maneaba, na kwa desturi mgeni akifika kisiwani hupeleka zawadi kwa wazee. Wanaiita mweaka. Zawadi yenyewe ni tumbaku. Hupelekwa hata mahali pa mababu. Sasa piga picha: ofisa wa afya ametoka Tarawa na boti na vipeperushi vyake vya madhara ya tumbaku, anaingia maneaba, na kabla hajafungua mdomo adabu inamdai tumbaku. Akitoa, somo limekwisha. Asipotoa, ni mtu asiyelelewa, nani atamsikiliza?

Kibatari (mleta mada)
Baharia hii ni dhahabu. Ila inaniunga mkono au inanipinga?

Baharia_Tanga
Sijaunga wala sijapinga. Nimesimulia.

Mfugaji wa Maneno
Mila ni mila, basi. Ukishaanza kumwambia mtu abadilishe zawadi ya mababu, kesho utamwambia abadilishe mababu. Wazungu wamezoea.

Tausi wa Suva
Mababu wa nani? Tumbaku haikuota Kiribati tangu uumbaji. Karne ya 19 walikuja wafanyabiashara wa mbata, wakaona watu wa visiwani hawana haja na pesa, wakalipa kwa vijiti vya tumbaku. Kwa vibarua hivyohivyo. Hata wamisionari walinunulia vyakula kwa tumbaku. Ilikuwa sarafu. Ndiyo ikaingia kwenye zawadi. Mzungu aliyebadilisha zawadi ya mababu ndiye huyo, Mfugaji, na wewe sasa unamlindia duka.

Mfugaji wa Maneno
Mila ikikaa miaka mia inakuwa yako. Kwani Wafiji walizaliwa na Biblia? Nenda kawaambie Jumapili waiache.

Tausi wa Suva
Usiniingize kwenye dini, sijaigusa.

Binti Micheweni
Mimi nimesimama kwenye jani la mkadi. Mkadi kwetu ni wa kikuba, wa kujinukiza, leo nasikia kuna watu wanauvuta! Halafu nikasoma Palau wanatafuna tambuu, popoo na chokaa, wanachopeka na tumbaku ndani, wengine wanakata sigara nzima wakaitia. Si ndio uraibu wa bibi zetu huo? Bibi yangu tumbaku yake hajaivuta hata siku moja, na meno yote aliyaacha kwenye kijamanda. Kampeni ya "acha kuvuta" ingempita mlangoni, angesema mie si mvutaji, na angekuwa mkweli.

Nesi Mstaafu
Binti, hapo umesema. Tumbaku ya kutafuna inaleta saratani ya kinywa vilevile.

Mchumi Njaa
Naona hisia nyingi, hesabu hakuna. Kinachopunguza sigara ni bei. Australia na New Zealand pakiti ni kama posho ya siku nzima. Pandisha ushuru, acha vikao.

Tausi wa Suva
Tonga walipandisha. Muulize mchumi mwenzako kilichotokea.

Mchumi Njaa
Sigara za pakiti zilipungua, ndicho kilichotokea.

Tausi wa Suva
Malizia sentensi. Na wavutaji wengine wakahamia tapaka Tonga, tumbaku ya kienyeji ambayo ni rahisi na imelimwa palepale. Papua New Guinea ndio usiseme, brus inasokotwa kwenye gazeti sokoni, utaitoza ushuru wa kiwanda gani? Ushuru bila kijiji unamhamisha mtu mkeka tu.

Mchumi Njaa
Na kijiji bila ushuru kinadumu mpaka mzee mmoja afe. Tusidanganyane na Nabila moja.

Kibatari (mleta mada)
Halafu nani anauamini ushuru? New Zealand Desemba 2022 walipitisha sheria kali: aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 2009 asiuziwe sigara maisha yake yote, na maduka ya kuuza tumbaku yapunguzwe kutoka kama 6,000 hadi 600. Ikaja serikali mpya, Februari 2024 ikaifuta kabla haijaanza kuuma. Na waziri wa fedha alisema wazi kwamba mapato ya tumbaku yatasaidia kugharamia punguzo la kodi. Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, ndio wanaovuta na kufa zaidi. Serikali ikizoea hela ya sigara, kampeni inakuwa maigizo.

Moshi_Mwembamba
Kwa hiyo mimi mvutaji ndiye ninayelipia barabara zenu, na bado mnataka kunitoza nguruwe. Asanteni sana.

Wakili wa Kona
Moshi, hujajibu swali la Nesi.

Moshi_Mwembamba
Lipi?

Nesi Mstaafu
Nani anatumwa dukani kukununulia.

Moshi_Mwembamba
Anayekuwa karibu.

Nesi Mstaafu
Ana umri gani huyo anayekuwa karibu?

Shujaa_Damu
Buda amebanwa kwenye mstari wa mwisho, hakuna pasi.

Moshi_Mwembamba
Wewe nyamaza na kombe lako moja. Baharia, hilo jani la mkadi linakaushwaje? Nataka nijaribu, pakiti imekuwa ghali.

Binti Micheweni
Thubutu! Uje uchume mkadi wa maharusi ukauvute, uone kama atakayekutoza faini ni baraza.